Hati safi maana yake nini? Jinsi CAG anavyokagua fedha na huduma za umma

Kila ifikapo mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili, vijiwe vya kahawa hapa Mwanza, kuanzia Makoroboi hadi Kirumba, huwa na mada moja: ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali ya Tanzania. Mmoja anasema halmashauri yetu imepata hati safi, tushukuru. Mwenzake anamkatiza: "Hati safi ya nini, wakati juzi nimempeleka mtoto zahanati nikaambiwa dawa nikanunue nje?" Hapo ubishi unawaka, na kwa kawaida hauishi mpaka kahawa inapoisha.

Wote wawili wako sahihi. Hati safi, yaani maoni ya mkaguzi kwamba taarifa za fedha ziko sawa, inaweza kutoka mwaka huohuo ambao zahanati haina dawa, na hakuna aliyedanganya.

Tuanze na jina lenyewe. CAG kwa Kiswahili ni Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na ofisi yake inaitwa Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi. Amewekwa na ibara ya 143 ya Katiba ya mwaka 1977, na kazi yake imefafanuliwa zaidi katika Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya mwaka 2008. Wengi tunalitaja jina hilo kana kwamba ni cheo kimoja tu, lakini lina kazi mbili ndani yake. Fikiria kivuko. Kuna anayesimama getini kabla hujapanda, anaangalia tiketi. Na kuna anayekuja baada ya safari kulinganisha tiketi zilizouzwa na fedha zilizomo kwenye kasha. Mdhibiti ni yule wa getini: fedha hazitoki Mfuko Mkuu wa Hazina mpaka aridhike kwamba zimeidhinishwa kisheria. Mkaguzi ni yule wa baadaye: anauliza zilizotoka zimetumika kwa jambo lililoidhinishwa na Bunge au zimekwenda kwingine.

Katiba inasema pia kwamba katika kazi hiyo CAG halazimiki kufuata amri ya mtu mwingine wala idara yoyote ya Serikali. Ni sentensi fupi, lakini bila hiyo mengine yote yangekuwa maneno matupu, kwa sababu anayekaguliwa ndiye mwenye nguvu na ndiye mwenye fedha.

Mwaka wa fedha wa Serikali unafungwa tarehe 30 Juni. Halmashauri, wizara na mashirika yana miezi mitatu kuandaa hesabu na kuzikabidhi, yaani hadi mwisho wa Septemba. Kisha wakaguzi wanaingia kazini, na kufikia mwisho wa Machi ripoti inakuwa mikononi mwa Rais. Rais naye anaagiza iwasilishwe katika kikao cha kwanza cha Bunge kinachofuata, ndani ya siku saba tangu kikao kianze. Hili la siku saba watu hawalijui sana, na kuna jingine lisilojulikana zaidi: Rais asipochukua hatua hiyo, Katiba inamwelekeza CAG aipeleke ripoti mwenyewe kwa Spika. Mlango wa kuificha umefungwa kwa komeo mbili.

Sasa twende pale wakaguzi wanapoingia ofisini. Niliwahi kuwa mtunza stoo katika halmashauri moja ya kanda hii ya Ziwa, kwa hiyo nimekaa upande wa wanaokaguliwa. Siku ya kwanza mkaguzi hakuuliza nani kaiba. Aliomba faili. Alitoa hati ya malipo ya bati za darasa, akaanza kufuata karatasi moja baada ya nyingine: ombi la kununua, nukuu za bei, hati ya kuagizia, hati ya kupokelea mali, saini za kamati ya mapokezi, risiti ya muuzaji. Kila karatasi aliweka tiki ndogo kwa kalamu ya kijani. Kisha akasimama, akaniambia, "Twende stoo, kaka."

Bati zilizolipiwa zilikuwa 180. Leja yangu ilionyesha 180 zimeingia na zote 180 zimetoka kwenda shuleni. Tulipofika shuleni tukahesabu zilizopigwa juu na zilizobaki chini ya mti, zikafika 164. Kumi na sita hazipo. Nilijua ziliko: upepo wa ziwani ulikuwa umeezua darasa la shule jirani, mwalimu mkuu akaazima bati kwa makubaliano ya mdomo, watoto wasinyeshewe. Hakuna aliyeandika chochote. Mkaguzi alinisikiliza vizuri kabisa, akaandika: "Bati 16 hazina ushahidi wa matumizi." Niliumia, maana nilijisikia nimeitwa mwizi.

Hiyo ndiyo inaitwa hoja ya ukaguzi, na ilinichukua muda kuelewa kwamba hoja si hukumu. Hoja ni swali lililoandikwa: fedha au mali hii nimeifuata, nimefika mahali njia imekatika, nionyesheni mwendelezo wake. Tulileta barua ya mwalimu mkuu, muhtasari wa kamati ya shule na picha za paa lililoezekwa upya; wakaguzi wakaenda kuhesabu, hoja ikafungwa. Lakini fikiria ingekuwa kweli bati zimeuzwa mtaani. Karatasi zingekuwa hivyohivyo, na maelezo ya mdomo yangekuwa hivyohivyo. Ndiyo maana mkaguzi hawezi kuchukua neno la mtu, hata awe muungwana kiasi gani.

Wakaguzi hawahesabu kila bati la nchi hii. Wanachagua sampuli, na wanaelekeza macho zaidi mahali penye hatari: manunuzi makubwa, masurufu (fedha anazopewa mtumishi mapema kwa kazi fulani) ambayo hayajarejeshwa, mapato yanayokusanywa kwa mashine na mawakala. Hili la mwisho sisi wa mwaloni, soko la samaki la kando ya ziwa, tunaliona kila siku. Mama akilipa ushuru wa gunia la dagaa pale Kirumba anapewa risiti iliyochapwa. Kiasi kilichoingia kwenye mashine kinabaki kwenye mfumo. Kilichopelekwa benki kinaonekana kwenye taarifa ya benki. Mkaguzi anaweka viwili hivyo pamoja, na tofauti ikiwepo anaiulizia. Fedha zilizokusanywa na mashine lakini hazikufika benki ni jambo linalojirudia katika ripoti za miaka mingi kuhusu halmashauri za nchi yetu. Kwa hiyo yule mama anayedai risiti yake hata kwa kiasi kidogo anamtengenezea mkaguzi njia ya kupita. Ushuru uliolipwa bila risiti haupo kwenye mfumo, na kisichokuwepo kwenye mfumo ni vigumu mno kukikagua.

Mwisho wa kazi hiyo ndipo inapotoka hati. Hati inayoridhisha, ambayo mtaani tunaiita hati safi, inasema kwamba taarifa za fedha zilizoandaliwa zinaonyesha hali halisi katika mambo yote ya msingi na zimefuata viwango vya uhasibu. Hati yenye shaka inasema ziko sawa isipokuwa eneo fulani. Hati isiyoridhisha inasema makosa ni makubwa na yameenea kiasi kwamba hesabu haziaminiki. Na kuna pale mkaguzi anaposhindwa kutoa maoni kabisa, kwa sababu hakupewa vielelezo vya kutosha. Hiyo ya mwisho ndiyo inayonitisha kuliko zote, maana hata kosa lenyewe halikuweza kuonekana.

Rudia kusoma maana ya hati safi. Inazungumzia taarifa za fedha. Haijasema huduma ni nzuri, wala haijasema kila shilingi imetumika kwa busara. Mchuuzi wa dagaa anaweza kuwa na daftari lisilo na doa, kila gunia limeandikwa na kila nauli imeandikwa, huku dagaa wenyewe wamenyeshewa mwambani na wameoza. Daftari lake ni safi. Ukitaka kujua kwa nini dagaa waliachwa nje mvua ikija, daftari halitakwambia.

Swali hilo lina ukaguzi wake, unaoitwa ukaguzi wa ufanisi. Huu ndio ninaotamani ujulikane zaidi, kwa sababu ndio ulio karibu na maisha yetu. Unauliza mambo matatu: uwekevu (je, kitu kimepatikana kwa gharama ya chini bila kupunguza ubora?), tija (je, kilichotumika kimezaa kiasi kinacholingana nacho?) na ufanisi (je, lengo limefikiwa?). Chukua mfano wa kufikirika wa mradi wa maji katika kijiji cha kando ya ziwa. Mkandarasi kalipwa kwa mujibu wa mkataba, mabomba yapo, tenki lipo, vyeti vya malipo vimesainiwa. Mkaguzi wa hesabu hana la kulalamika. Mkaguzi wa ufanisi anafika kijijini, anafungua koki, haitoki kitu. Anauliza maji hutoka siku ngapi kwa wiki, pampu imeharibika lini, umeme wake unalipwa na nani, nani aliamua idadi ya vituo vya kuchotea na kwa takwimu zipi. Anawakuta akina mama wakitembea na ndoo kwenda ziwani na watoto wakicheza majini, katika ukanda ambao kichocho ni ugonjwa wa kawaida. Anaandika hayo, na anatafuta sababu mpaka wizarani, kwa kuwa mara nyingi kosa halikuanzia kijijini.

Ukaguzi maalumu na ule wa kiuchunguzi hufanyika pale panapokuwa na tuhuma au ombi mahsusi. CAG hakamati mtu wala hapeleki mtu mahakamani. Akiona dalili za udanganyifu au rushwa, sheria inamtaka avijulishe vyombo vya uchunguzi, kama TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, na Mkurugenzi wa Mashtaka. Wanaomlaumu kwamba "anaandika tu" wanamdai kazi ambayo sheria imewapa wengine.

Kwa wasiozoea kutofautisha hoja na wizi, mwaka 2018 ulitoa somo gumu. Ripoti ya mwaka wa fedha 2016/17 ilikuwa na tofauti ya takriban shilingi trilioni 1.5 kati ya mapato yaliyokusanywa na fedha zilizotolewa kwa matumizi. Nchi nzima ikabishana: upande mmoja ukadai maelezo, na Serikali ikatoa hesabu zake za kuifafanua tofauti hiyo. Kudai maelezo kulikuwa haki. Kusema tu "zimeibwa", bila kusubiri maelezo wala kuyapima, ni kuruka hatua ambayo hata mkaguzi mwenyewe hairuki.

Baada ya Bunge kupokea ripoti, kamati zake hukaa nayo. Ya Hesabu za Serikali inawaita makatibu wakuu, na ya Hesabu za Serikali za Mitaa inawaita wakurugenzi wa halmashauri, ambao ndio maofisa masuuli wenye dhamana ya kujibu kila shilingi.

Ripoti kuu zinapatikana kwa Kiswahili kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi, na mtu yeyote anaweza kuzipakua kwenye simu. Ni ndefu, na watu wengi wanakimbilia orodha ya hati. Mimi huanzia kwenye utekelezaji wa mapendekezo ya miaka iliyopita: mangapi yametekelezwa, mangapi yanaendelea, mangapi hayajaguswa. Halmashauri yenye hati safi na pendekezo lilelile lisiloguswa kwa miaka minne inanipa swali la kwenda nalo kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Ninalinakili kwenye karatasi, pamoja na namba ya ukurasa.