Los Lonely Boys: dhana potofu kuhusu ndugu watatu wa San Angelo

Henry Garza anapiga gitaa, JoJo anapiga besi, Ringo yuko kwenye dramu. Ndio bendi ya Los Lonely Boys, ndugu wa tumbo moja, wazaliwa wa San Angelo, mji wa magharibi mwa Texas ulio mbali na pwani na mbali na studio kubwa. Wote watatu huimba. Wanaowajua juu juu hurudia maneno yaleyale kuwahusu, na mengi si kweli.

Dhana: Ni bendi ya kibao kimoja, ilichomoza ghafla mwaka 2004.

Kibao chenyewe hakina ubishi. "Heaven" ilipanda hadi nafasi ya 16 kwenye chati ya Billboard Hot 100, na mwaka 2005 ikawapatia tuzo ya Grammy. Neno la kukataa hapa ni "ghafla".

Baba yao, Enrique Garza, ambaye naye huitwa Ringo, alikuwa mwanamuziki kabla wao hawajazaliwa. Yeye na ndugu zake walikuwa na kundi lao, Los Falcones, wakipiga conjunto, muziki wa dansi wa Wamexico wa Texas. Kundi lile lilipokwisha aliendelea peke yake, na waliomsindikiza jukwaani walikuwa wanawe, wangali watoto. Miaka ya 1990 alihamisha familia nzima hadi Nashville kutafuta riziki ya muziki. Vijana walipokuja kusimama wenyewe na kurudi Texas, walikuwa wamekwisha kula chumvi ya jukwaa ambayo wenzao wa rika lile hawajaionja. Albamu yao ya kwanza ilirekodiwa Pedernales, studio ya mwimbaji wa kantri Willie Nelson karibu na Austin, ikatoka 2003, mwaka mmoja kabla ya redio kuing'ang'ania.

Na baada ya hapo? *Sacred* 2006, *Forgiven* 2008, *Rockpango* 2011, *Revelation* 2014. Anayesema kibao kimoja anazungumzia redio yake, si bendi.

Dhana: Hao si ndio Los Lobos?

Sio. Los Lobos ni watu wa East Los Angeles, California, waliojikusanya mwaka 1973 kama marafiki wa mtaani, na "La Bamba" yao ilishika namba moja Marekani mwaka 1987. Kinachowachanganya watu ni hiyo "Los" tu.

Dhana: Wanachanganya muziki wa Mexico na bluzi ili wauze pande zote mbili.

Hapa nitakaa kidogo, maana hii ndiyo dhana inayoniudhi. Inachukulia kwamba kuna vyungu viwili, kimoja cha Mexico na kimoja cha Marekani, na kwamba akina Garza walikuja na mwiko wakachota huku na huku. Texas haikuwa hivyo kamwe. Ilikuwa sehemu ya Mexico hadi 1836, ikaingia Marekani mwaka 1845. Familia nyingi hazikuvuka mpaka wowote. Mpaka ndio uliowavuka wao.

Tazama hiyo conjunto aliyoipiga mzee Garza. Chombo chake kikuu ni kodiani, na kodiani ililetwa Texas na walowezi wa Ulaya ya kati, Wajerumani na Wacheki, pamoja na polka zao. Wamexico wa Texas wakaichukua, wakaifunga na bajo sexto, gitaa nene la nyuzi 12, ikawa yao. Mpiga kodiani Narciso Martínez alianza kurekodi muziki huo mwaka 1936. Familia ya Jiménez ya San Antonio iliurithishana: babu Patricio, kisha Santiago, kisha Flaco na mdogo wake Santiago wa pili. Kwa hiyo huko Texas, kumrithisha mwanao bendi kulishazoeleka kabla mzee Garza hajawapandisha wanawe jukwaani.

Bluzi nayo ilikuwa papo hapo. Novemba 1936 mwanabluzi Robert Johnson alirekodi katika hoteli ya Gunter, San Antonio. Katika siku hizohizo, mafundi walewale waliwarekodi pia Hermanas Barraza, na Andrés Berlanga na Francisco Montalvo, wakiimba Kihispania. Bluzi ya Mmarekani mweusi na nyimbo za Wamexico wa Texas zilipita kwenye mashine moja, wiki moja. Mtoto aliyezaliwa katika nchi hiyo, akasikia conjunto ya baba yake sebuleni na gitaa la Stevie Ray Vaughan, mwanabluzi wa Texas, redioni, hachanganyi kitu. Anaongea lugha ya nyumbani. Ukikaa Nairobi utaelewa haraka: sentensi inaanza na Kiswahili, inaishia kwingine, na msemaji hana habari kwamba amevuka chochote. Hata jina Los Lonely Boys limekaa hivyo, neno moja la Kihispania na mawili ya Kiingereza.

Dhana: Ladha ya Kilatini ni kiungo kipya kwenye bluzi.

Mtunzi wa bluzi W. C. Handy aliingiza mapigo ya habanera ya Cuba ndani ya "St. Louis Blues" mwaka 1914. Jelly Roll Morton, mpiga piano wa jazi wa New Orleans, alipohojiwa na mkusanyaji wa nyimbo Alan Lomax mwaka 1938, alisisitiza kwamba bila rangi ya Kihispania jazi haikolei. Na mapigo hayo ya Cuba yana asili ya Afrika. Baadaye yalirudi kwenye santuri hadi Kongo, na kutoka huko rumba ikaenea hadi kwenye dansi yetu. Ndiyo maana mpenzi wa akina Kinyonga, ndugu wa Tanga waliounda Simba Wanyika, huenda asijisikie mgeni sana akisikiliza akina Garza.

Kuimba lugha mbili nako si ubunifu wa 2004. Freddy Fender, mzaliwa wa San Benito, Texas, alishika namba moja mwaka 1975 kwa wimbo aliouimba Kiingereza kisha Kihispania.

Dhana: "Heaven" ni wimbo wa furaha.

Mdundo ndio unaowadanganya. Maneno ni ya mtu aliyebanwa, anayemwomba Mungu amtoe kifungoni na kumuuliza mbingu iko umbali gani.

Dhana: Bendi ya ndugu ikipasuka haishoneki.

Hii walau ina sababu, maana tumeziona bendi za kindugu zikiishia kwenye kununiana. Akina Garza nao walipata misukosuko yao. Februari 2013 Henry alianguka kutoka jukwaani Albuquerque, New Mexico, akaumia shingo na mgongo, na maonyesho yakafutwa. Alipona, wakarekodi tena. Kisha mwaka 2019 JoJo akajitoa.

Katika bendi ya kuajiriana ungemtafuta mpiga besi mwingine ndani ya wiki. Hapa sauti tatu zinazopandana zimetoka koo la familia moja, na pengo la namna hiyo halizibwi na mtu wa kukodi. Bendi ikanyamaza. JoJo alirudi, na mwaka 2024, miaka 10 baada ya *Revelation*, watatu walewale wakatoa albamu nyingine. Wakaiita *Resurrection*, yaani Ufufuko.