Ustahimilivu si uvumilivu

Juzi nimesoma andiko jingine la kuombea ufadhili wa utafiti wa shahada ya uzamivu, na neno lilelile likanikwaza tena. Mwombaji anataka kupima "ustahimilivu wa wananchi waishio bondeni". Dodoso lake linauliza: baada ya mafuriko, uliendelea kuishi hapa? Anayejibu ndiyo anapewa alama za juu. Na aliyebaki kwa kukosa nauli ya kuhama, naye tumpe alama hizohizo?

Ufadhili wa aina hii hutolewa kwa wanaotafiti hatari za asili na ustahimilivu dhidi ya maafa. Hatari ni tetemeko, kimbunga, mafuriko, ukame. Maafa hutokea hatari hiyo inapowakuta watu wasio na kinga, ndiyo maana wataalamu wengi wameacha kusema "maafa ya asili". Ustahimilivu ni uwezo wa jamii kulihimili pigo, kujirekebisha na kurejesha mambo yake ya msingi bila kuchelewa.

Tatizo linaanzia kwenye lugha yetu wenyewe. Katika mazungumzo ya kila siku, kustahimili na kuvumilia hupokezana bila mtu kushtuka. Mgonjwa anastahimili maumivu, mke anastahimili visa vya mumewe. Mtu anateseka, amenyamaza, tunamsifu. Maana hiyo ikiingia kwenye utafiti inaleta madhara, kwa sababu kadiri watu wanavyoteseka kimya ndivyo takwimu zinavyowaonyesha kuwa imara.

Lakini lisikilize neno lenyewe. Stahimili, himili na hamali yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu, wenye maana ya kubeba. Mtazame hamali kazini. Kabla ya kuinua gunia analipima kwa mkono, anaweka ngata kichwani, anamwita mwenzake amtwike, na njia ameshaijua. Likimzidi, analigawa. Sifa yake haiko kwenye kuvumilia uzito. Iko kwenye maandalizi yanayomwezesha kufika, na kesho yake kurudi kazini akiwa na shingo nzima.

Neno la Kilatini ambalo Waingereza na Wafaransa wamelirithi kuutaja ustahimilivu (*resilience*, *résilience*), yaani *resilire*, lina picha nyingine: kuruka na kurudi nyuma, kama tawi lililopindwa likaachiwa. Mwanaikolojia C. S. Holling alipoliingiza kwenye ikolojia mwaka 1973, hakutaka liishie kwenye kasi ya kurudi. Aliuliza mfumo unaweza kumeza mtikisiko kiasi gani kabla haujageuka kuwa kitu kingine. Nadhani hapo hamali wetu yuko karibu naye kuliko lile tawi. Tena kurudi kulekule si sifa kila mara: nyumba iliyobomoka kwa udhaifu ikijengwa vilevile, imerudi, lakini hakuna kilichopatikana. Mwongozo wa Sendai wa mwaka 2015, makubaliano ya Umoja wa Mataifa kuhusu kupunguza hatari za maafa, uliliona hilo, ukataka ujenzi mpya uwe bora kuliko wa awali.

Bangladesh inaonyesha tofauti hii waziwazi. Kimbunga cha Bhola cha Novemba 1970 kinakadiriwa kuua watu 300,000 au zaidi. Mwaka 1972 nchi hiyo ilianzisha mpango wa kujiandaa na vimbunga, wenye watu wa kujitolea wanaopita vijijini na vipaza sauti, na baadaye majengo ya kukimbilia yakaongezeka. Kimbunga Sidr cha mwaka 2007, kikali mno nacho, kiliua watu wapatao 3,400. Bado ni misiba 3,400. Lakini watu wa pwani ile hawakuwa wameongeza uvumilivu. Walikuwa wamepata taarifa mapema na pa kukimbilia.

Kwa hiyo, ndugu mwombaji, andiko lako halijaharibika. Swali lako la dodoso libadilishe: maji safi yalirudi baada ya siku ngapi, duka lilifunguliwa kwa mtaji wa nani, onyo lilimfikia nani na lilimpita nani. Kisha pitia andiko zima, na kila penye "ustahimilivu" jaribu kuweka "uvumilivu". Sentensi ikikaa sawa bila kulalamika, hiyo ndiyo ya kuandika upya.