Je, wajua kwa nini bima inayokupa viza huenda isikufae safarini?

Katika foleni ya maombi ya viza ya Schengen, yaani viza moja ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, hapa Nairobi, kuna karatasi moja ambayo kila mtu anayo na wachache wameisoma: cheti cha bima ya safari. Mara nyingi kimenunuliwa jana yake, na wakala aliulizwa swali moja tu: "Ya bei ya chini kabisa ni pesa ngapi?"

Cheti hicho kinadaiwa na sheria ya viza ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009. Fidia isipungue euro 30,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 4. Ikubalike katika nchi zote za Schengen, ambazo sasa ni 29, na idumu siku zote utakazokaa huko. Ilipie matibabu ya dharura, kulazwa hospitalini, kumrudisha mgonjwa kwao na gharama za kifo. Basi. Sanduku lililopotelea Amsterdam, ndege iliyokuacha, safari uliyoikatiza kwa sababu ya msiba nyumbani, yote hayo sheria haiyagusi. Nchi inayokupokea inajikinga isije ikabaki na bili ya hospitali ya mgeni aliyekwisha kuondoka.

Dereva wa Nairobi anaijua hali hii. Bima ya mtu wa tatu humpitisha kwenye kizuizi cha polisi Thika Road, lakini akigonga ukuta, gari lake atalitengeneza kwa pesa zake.

Uingereza na Marekani hazimdai bima mgeni anayekwenda kutembea, na wengi wetu huchukulia kwamba basi haihitajiki. Hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Uingereza, ukishalazwa katika hospitali ya umma, mgeni hutozwa asilimia 150 ya gharama ya matibabu, na deni la pauni 500 au zaidi lisipolipwa linaweza kukunyima viza siku nyingine. Matibabu ya Marekani ni ghali kiasi kwamba kampuni nyingi za bima zina bei mbili: ya dunia nzima, na ya dunia nzima isipokuwa Marekani na Kanada. Ukikata hiyo ya pili kwa kuwa ni nafuu, halafu ukapitia kwa binamu yako Minnesota, siku zote za Minnesota huna bima.

Jambo ninalotaka ulisome taratibu ni la wazazi wetu. Nilimkatia mama bima ya kwenda Ujerumani kumwona mjukuu wake. Wakala, kijana mwenye adabu, aliandika jina, pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na siku za safari, akawa tayari kuchapisha cheti. Mama ana presha. Humeza dawa kila asubuhi kabla ya chai. Niliomba masharti kamili, na katika ukurasa wa mambo yasiyolipwa nikakuta: ugonjwa wowote uliokuwapo kabla ya bima kuanza. Maana yake, kitu kilichokuwa karibu zaidi kumlaza mama ndicho kilichokuwa kimetolewa. Cheti kile kingempatia viza bila shida.

Tulichukua nyingine, ghali zaidi, inayolipia dharura itokanayo na ugonjwa wa zamani hadi kiwango fulani, na tukaandika presha kwenye fomu. Usishawishike kuificha. Siku ya kudai, kampuni huomba rekodi za hospitali, na ikigundua ulificha inaweza kukataa kulipa. Uliza pia bei kwa umri wa mzazi, si kwa umri wako, kwa maana ada hupanda kadiri miaka inavyosonga, na bima nyingine hupunguza fidia mtu akishafika umri fulani.

Angalia pia kiwango cha kusafirisha mwili. Ni vigumu kulitaja mbele ya mzazi, najua. Lakini nani kati yetu hajawahi kuingizwa kwenye kundi la WhatsApp la kuchangisha pesa za kumrudisha marehemu kutoka ng'ambo? Ndani ya zile euro 30,000, jambo hili linaweza kuwa na kikomo chake, na hukipati kwenye cheti bali kwenye masharti.

Mengine ni mepesi. Jua kiasi utakachotoa mfukoni kabla kampuni haijaanza kulipa. Mzigo ukichelewa, usitoke uwanja wa ndege bila ripoti ya shirika la ndege, maana bila hiyo dai lako halitasimama. Hakikisha kampuni ina leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Bima. Uliza kama utarudishiwa ada viza ikikataliwa. Nyingi hurudisha ukionyesha barua ya ubalozi.

Na kuna ile namba ya simu ya saa 24 iliyo kwenye cheti. Anayeongea na hospitali ya ng'ambo na kuidhinisha malipo ndiye anayeipokea, na kampuni nyingi hutaka apigiwe kabla mgonjwa hajalazwa, au mapema iwezekanavyo ikiwa ni dharura. Namba ya mama tuliiandika kwa kalamu nzito kwenye karatasi, tukaitia ndani ya pasipoti. Nakala nilimtumia dada yangu kule Ujerumani kabla mama hajapanda ndege.