Panya hana mfuko wa nyongo, ila nyongo yake itakutoa jasho

Juzi kijana mmoja ninayemfundisha upasuaji wa darubini hapa Dodoma kafungua tumbo la panya, kaligeuza ini huku na huku weee, mwisho akaniangalia: "Dokta, mbona nyongo siioni?" Nikacheka sana kwa sababu na mimi siku ya kwanza niliitafuta hivyo hivyo, mtu umekua unamwona mama anatoa maini ya kuku taratibu nyongo isije ikapasuka mboga ikawa chungu, unajua kila mnyama anayo. Kuku anayo, mbuzi anayo, hata vile vipanya vidogo vya nyumbani vinayo, ila huyu panya mkubwa mweupe wa maabara hana. Nyongo inatoka kwenye ini inatiririka moja kwa moja mpaka utumbo mdogo, kwa kimfereji chembamba kama milimita moja hivi.

Sasa ukimpandikiza panya ini la panya mwingine, kama tunavyofanya kwenye utafiti, watu wote hofu yao iko kwenye mishipa ya damu. Na wana haki, maana ukishabana mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini una kama dakika 20 tu, ukizidisha hapo panya anaweza asiamke. Zamani kila kitu kilishonwa kwa mkono, mpaka mwaka 1979 madaktari wa upasuaji Kamada na Calne wakaleta mtindo wa kafu, yaani unauvalisha mshipa kijipete cha plastiki, unauchomeka ndani ya mwenzake unafunga uzi basi. Muda ukapungua sana.

Mfereji wa nyongo nao hatuushoni. Unachukua kibomba laini, wengi tunakata ncha ya kanula ndogo ya dripu, milimita 4 au 5 zinatosha, unaingiza upande wa ini jipya unafunga, halafu damu ikisharudi unaingiza ncha ya pili kwenye mfereji wa mpokeaji unafunga tena. Mikia ya zile nyuzi mbili usikate kwanza, ifungane yenyewe kwa yenyewe ili kibomba kisichomoke. Kabla ya kuunga mimi huwa nasubiri nione tone la njano kwenye ncha ya kibomba, hilo tone jamani lina raha yake, ini linakwambia niko hai.

Rahisi eti? Ndo hapo watu wanapoharibu. Wanaacha mfereji mrefu "kwa usalama", tumbo likifungwa unajikunja kama mpira wa kumwagilia maua na nyongo haipiti. Wengine wanausafisha mpaka unang'aa, wanaondoa vile vishipa vinavyoulisha, na ukichanganya na kwamba wengi wetu hatuungi ateri ya ini (ule mshipa mwingine mdogo unaoleta damu kutoka moyoni), na mfereji unategemea hiyo hiyo ateri, unakufa taratibu. Na kwa mpokeaji kata juu karibu na ini, usishuke kwenye kongosho, kwa panya mirija ya kongosho inamwaga humo humo kwenye mfereji wa nyongo.

Kinachoniuma mimi siyo hata panya kufa, ni panya kutokufa. Niliwahi kuwa na kundi zima, wanakula, wanakimbia, wiki ya pili masikio na mikia inaanza unjano. Tukasema aah, mwili unakataa ini, tena tulifurahi maana ndicho tulichokuwa tunakichunguza! Kuja kufungua, mfereji juu ya kibomba umevimba kama puto na ndani ya kibomba kuna tope la nyongo limeganda. Ni kuziba tu, lakini vipimo vya damu vilikuwa vimepanda vizuri kabisa kama tulivyotaka, miezi yote ile ikaenda na maji. Tangu siku hiyo panya wangu akifa au akimaliza siku zake, kabla sijagusa kingine nafungua mfereji kwanza.

Yule kijana nimempa zabibu za hapa hapa Dodoma, anamenya ganda nusu anashona kwa uzi wa 10-0, mwembamba kuliko unywele, chini ya darubini. Maji yakivuja, anaanza upya. Jana kala kilo nzima.