Folati tele kwenye damu, haba ubongoni

Mtoto ametambaa kwa wakati, amesimama, ameita mama na baba. Akifika miaka miwili au mitatu anaanza kuyumba, mikono inatetemeka, maneno yanapotea moja baada ya jingine, kisha kinaingia kifafa kisichosikia dawa. Kipimo cha folati (vitamini B9) kwenye damu kinarudi kikiwa sawa, na uchunguzi unaishia hapo. Ni mapema mno kuishia hapo.

Folati ya mchicha, kunde na maini haifiki ubongoni yenyewe. Inapita milango miwili. Wa kwanza uko mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Wa pili uko kwenye tishu inayotengeneza maji ya ubongo: kipokezi cha folati aina ya alfa huivuta kutoka kwenye damu mpaka maji hayo yawe na folati nyingi kuliko damu yenyewe. Kipokezi hicho hutokana na jeni ya FOLR1. Mtoto aliyerithi nakala mbovu kwa baba na nyingine kwa mama, mlango huu wa pili haumfungukii. Ugonjwa wake ulielezwa mwaka 2009. Ala ya mielini inayofunika nyuzi za neva haijengeki vizuri, na picha ya MRI huonyesha hivyo.

Jibu liko kwenye maji ya uti wa mgongo, ambayo ndiyo yale yale ya ubongo. Humo hupimwa 5-MTHF, yaani folati katika umbo ambalo mwili huitumia. Sampuli ikingwe na mwanga na igandishwe papo hapo, nyuzi 80 chini ya sifuri. Ikiwa imeingia damu, izungushwe kwanza kwenye sentrifuji, mashine ya kutenganisha chembe za damu. Ikiachwa mezani, folati huharibika na jibu hutoka chini hata kwa mtoto asiye mgonjwa.

Dawa yake ni asidi ya foliniki, si asidi ya foliki. Herufi mbili tu, lakini ni vitu tofauti. Asidi ya foliki, ile ya vidonge vya miligramu 5 wanavyopewa watoto wenye selimundu, hung'ang'ania kipokezi cha alfa na kuizuia folati halisi kupita. (Mwenye selimundu na mjamzito waendelee na vidonge vyao, hili haliwahusu.) Foliniki hupatikana zaidi wodi za saratani, kwa kuwa hutolewa baada ya methotreksati, dawa ya saratani inayozuia folati. Dozi iliyotumika kwa FOLR1 ni miligramu 2 hadi 5 kwa kila kilo kwa siku: mtoto wa kilo 12 ni miligramu 24 hadi 60, chini ya daktari bingwa. Vidonge visipotosha, huchomwa sindano.

Mlango wa utumbo ukiwa ndio mbovu, dalili huja katika miezi ya kwanza: upungufu wa damu, kuharisha, vidonda mdomoni, nimonia, halafu degedege. Hapa foliniki huchomwa kwenye msuli. Damu kupanda si ushahidi kwamba ubongo umeshiba. Maji ya uti yapimwe tena.

Upungufu mkali wa kimeng'enya cha MTHFR, kinachotengeneza 5-MTHF, una sura nyingine. Katika damu, asidi amino ya homosisteini hupanda, ile ya methionini hushuka, na upungufu wa damu kwa kawaida haupo. Kichanga hulegea, husita kupumua, kichwa hakikui. Kijana anaweza kuanza na miguu mizito, kuchanganyikiwa akili au damu kuganda. Damu ya kupimia homosisteini iwekwe kwenye barafu na plasma itenganishwe ndani ya saa moja, la sivyo chembe nyekundu huendelea kuimwaga na jibu hupanda kwa uongo. Tiba kuu ni betaini, na ikianza mapema huokoa mengi. Akihitaji upasuaji au kung'olewa jino, mtoa usingizi aambiwe mapema: gesi ya naitrasi oksaidi huzima vitamini B12 na inaweza kumuua. Tofauti ya kawaida ya jeni ya MTHFR iitwayo C677T, wanayobeba watu wengi wenye afya, si ugonjwa huu.

Kabla ya haya yote, B12 ipimwe. Na akithibitika mtoto mmoja, wadogo zake wapimwe hata kama wanacheza vizuri, kwani kila mimba ya wazazi wale wale ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa na ugonjwa huo huo.