Je, wajua kwa nini nozeli, kifaa kinachonyunyiza dizeli ndani ya silinda, hugoma kutoka kwenye trekta kuukuu?

Massey Ferguson 135, trekta lililoundwa Uingereza kuanzia 1964 hadi 1975, bado linalima mashamba ya Kenya na Tanzania. Kwenye injini yake ya Perkins AD3.152 yenye silinda 3, kila nozeli inashikwa na nati 2 tu juu ya silinda hedi, yaani kifuniko cha silinda. Ukizifungua, nozeli ilipaswa kutoka kwa mkono. Mara nyingi haitikisiki hata kidogo.

Inabanwa kutoka juu na kutoka chini. Chini imekalia washa ya shaba. Washa ikichoka, au nati moja ikikazwa kuliko mwenzake, gesi ya mlipuko hupenya pembeni na kuacha masizi, nayo hushikamana kama ukoko kwenye sufuria. Juu, maji ya mvua hutuama kwenye upenyo mwembamba kati ya nozeli na hedi. Kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, na hapo nafasi haipo, kwa hiyo inakaza kama kabari.

Anza kwa usafi. Osha eneo lote, lipulize kwa upepo, ndipo ufungue mabomba ya presha na bomba la ritani, linalorudisha dizeli iliyobaki. Chembe ya mchanga ikiingia kwenye bomba itaua nozeli mpya. Ziba midomo yote. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu kuzunguka nozeli, uache usiku kucha, urudie asubuhi. Kwa kutu yanafaa sana. Kwa ukoko wa chini hayasaidii sana, kwa sababu hayaufikii.

Kinachovunja ukoko ni kuzungusha, na hapa ndipo wengi huharibu. Kwanza ng'oa stadi 2, yaani vyuma vyenye nyuzi ambavyo nati za nozeli hufungwa juu yake, kwa kufunga nati mbili juu ya kila stadi, kuzikaza zigandamane, kisha kufungulia ile ya chini. Sasa nozeli ina nafasi ya kuzunguka. Ukiitazama kutoka juu, izungushe kwa mwendo wa mishale ya saa, kidogo kidogo. Ncha ya nozeli imeshikwa na kofia yenye nyuzi; ukizungusha kinyume, mwili unafunguka kutoka kwenye kofia, unatoka peke yake, na kofia inabaki shimoni pamoja na ncha.

Usichokonoe kwa patasi chini ya sikio la nozeli, ile sehemu iliyochomoza pembeni ambapo stadi hupita. Sikio linavunjika, au nozeli inainama na kukaza zaidi. Njia salama ni nyundo ya kuteleza, yaani chuma kizito kinachoteleza kwenye nondo na kugonga kizuizi cha mwisho wake: chomea nati ya bomba la presha kuukuu kwenye ncha ya nondo, ifunge mahali bomba linapoingia, kisha piga kwa mapigo mafupi, ukiivuta kwa mstari mmoja na shimo.

Injini yenyewe pia inaweza kusukuma. Stadi zikiwa bado mahali pake, legeza nati mizunguko 2 bila kuziondoa, vuta kizimio ili mafuta yasiende, kisha piga selfu (stata) injini izunguke. Mgandamizo wa dizeli unaweza kufika kilo 30 kwa kila sentimita ya mraba; chini ya nozeli yenye kipenyo cha milimita 17 hiyo ni nguvu inayokaribia kilo 70. Nati ndizo zinazozuia nozeli isiruke kama risasi, kwa hiyo usiinamie injini.

Kofia ikibaki shimoni, usiisukume chini. Ina nyuzi ndani, basi rudishia ule mwili wa nozeli, ukaze, uvute tena. Ncha ikibaki, peleka pistoni ya silinda hiyo juu kabisa kwanza, ili kikidondoka kitu kisiende mbali. Kikiingia ndani kikashindikana kunaswa, hedi lazima ishuke.

Chungulia pia washa ya zamani kwa tochi. Mara nyingi hubaki chini, nyeusi kama chuma cha hedi. Ukiweka mpya juu yake, ncha inakaa juu kuliko inavyotakiwa, mafuta yananyunyizwa pasipo mahali pake, na trekta linatoa moshi mweusi huku fundi akilaumu pampu.

Kabla ya kurudisha, kwangua kiti cha washa, piga selfu sekunde chache mashimo yakiwa wazi uchafu utoke, kisha weka washa mpya. Ukikosa, choma ile ya zamani mpaka iwe nyekundu, uitumbukize majini. Shaba hulainika, tofauti na chuma. Paka grisi ya shaba mwilini mwa nozeli, usiiguse ncha. Kaza nati kwa zamu, nusu mzunguko kila upande, hadi Nm 16 hivi. Toa upepo kwenye mabomba, na usipeleke kidole mbele ya nozeli inayonyunyiza: presha yake inatoboa ngozi.

Injini ikiwaka, dondoshea dizeli kidogo kuzunguka kila nozeli. Ikitoa mapovu, washa haijakaa.