Kugawanya hakusubiri jedwali la kuzidisha

Wazazi wengi huamini mtoto hawezi kugawanya mpaka akariri jedwali la kuzidisha. Si kweli. Anayehesabu mpaka 20 bila kuruka anaweza kuanza leo, kwa picha.

Chukua 12 ÷ 3. Chora zabibu 12 juu ya ukurasa na sahani 3 kubwa chini. Mtoto akate zabibu moja kwa mstari, aichore kwenye sahani ya kwanza; inayofuata ya pili, kisha ya tatu, arudi mwanzo. Zikiisha, ahesabu za sahani moja tu: 4. Wengi huteleza hapo, wakahesabu sahani na kujibu 3. Asiyekata alizokwisha kugawa huishia kuchora zabibu ya 13.

Halafu geuza swali: nyanya 12, kila fungu 3, ni mafungu mangapi? Safari hii hakuna sahani. Azungushie duara tatutatu, kama zinavyopangwa Soko la Majengo, Dodoma. Jibu ni 4 tena, ila sasa ni mafungu 4. Hatua hii hurukwa mno, na ndiyo yenye faida zaidi.

Namba zenye baki, mfano 13 ÷ 3 (hubaki 1), ziache kwanza.